Kabla ya Kobe Kulikuwa na Maneno

Ukiwauliza watu kompyuta iliingiaje darasani, wengi watakuambia ilipitia mlango wa hisabati. Hiyo ni nusu ya ukweli. Logo, mojawapo ya lugha za kwanza kabisa za kompyuta kutungwa kwa ajili ya watoto, ilizaliwa mwaka 1967 mjini Cambridge, Massachusetts, na tangu mwanzo ilijengwa ichezee maneno na sentensi kama inavyochezea namba. Hata jina lake lilichukuliwa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya neno au wazo. Yule kobe maarufu anayechora mistari, ambaye watu wengi wakisikia Logo ndiye wanayemkumbuka, alikuja baadaye. Kabla ya kobe kulikuwa na maneno.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu siku hizi semina za walimu wa shule za msingi zina msamiati mpya: kufikiri kikompyuta. Mwalimu anaambiwa asilifanye kuwa somo la peke yake, alichanganye na Kiswahili, na Sayansi, na Maarifa ya Jamii, hata na Michezo. Mwalimu mwenye watoto 80 darasani anaandika kwenye daftari, anashukuru kwa chai na vitafunwa, halafu akitoka nje anamnong'oneza mwenzake: haya, mzigo mwingine huo. Simlaumu hata kidogo. Ila nikiisoma historia ya jambo lenyewe naona kwamba mzigo huu, kama ni mzigo, una mpini, na mpini wake uko upande wetu sisi watu wa lugha.

Tuanze na watu. Logo ilitungwa na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, wakiwa katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alikuwa mwanahisabati, tena mpinzani wa ubaguzi wa rangi tangu ujana wake. Baadaye alikwenda Geneva akafanya kazi na Jean Piaget, yule msomi wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi mtoto anavyojijengea maarifa mwenyewe. Kutoka huko akahamia chuo cha MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo kichwani mwake kulikuwa na vitu viwili vilivyokutana: mtoto wa Piaget, ambaye hapokei elimu kama mtungi unavyopokea maji, na mashine mpya iliyokuwa ikitii kila inachoambiwa, sawasawa na ilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Watoto hawakuiona. Walikaa mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, wakaandika amri, na majibu yakarudi yakigongwa kwenye karatasi. Katika mwaka wa masomo wa 1968 hadi 1969, wanafunzi wa darasa la saba huko Lexington, Massachusetts, walijifunza hisabati yao kwa njia hiyo. Kati ya mambo waliyoyafanya ni kutunga programu za kugeuza maneno kuwa ya mafumbo, kama watoto wetu wanavyogeuza Kiswahili kuwa kinyume ili wakubwa wasielewe.

Papert alichapisha kitabu chake mashuhuri, Mindstorms, mwaka 1980. Humo anasimulia habari za binti wa miaka 13 anayemwita Jenny. Jenny na wenzake walipewa kazi ya kuifanya kompyuta itunge mashairi: yaani ichukue maneno kwa bahati nasibu na kuyapanga yawe sentensi. Mara ya kwanza mashine ikatoa takataka, maneno yamepangana hovyo. Jenny akagundua kwamba lazima ayatenganishe maneno kwenye mafungu, hili la nomino, hili la vitenzi, kisha aiambie mashine ichukue moja kutoka kila fungu kwa mpangilio fulani. Hapo ndipo alipoelewa, kwa mshangao mkubwa, kwa nini nomino na vitenzi vipo duniani. Miaka yote alikuwa amefundishwa sarufi, na miaka yote hakuona ina kazi gani. Siku aliyoihitaji ili afanikishe jambo lake mwenyewe, ikamwingia. Papert anatuambia kwamba hata maksi zake za shule zilipanda.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kila nikikisoma najiuliza: je, Jenny angekuwa anaandika Kiswahili?

Kwa Kiingereza ilimtosha kutenga mafungu mawili matatu. Kwetu kazi ingekuwa ndiyo kwanza inaanza. Chukua nomino, kivumishi na kitenzi kwa bahati nasibu: mti, -refu, -anguka. Huwezi kuviweka tu pamoja. Mti lazima uwe mrefu na lazima uwe umeanguka. Kitabu kitakuwa kirefu, nacho kimeanguka. Jiwe ni zito, limeanguka. Anayetaka kuifundisha mashine kutunga sentensi moja ya Kiswahili sharti kwanza aelewe upatanisho wa kisarufi, tena auelewe kiasi cha kuweza kuuandika kama kanuni ambayo mjinga asiyejua lolote anaweza kuifuata. Na kompyuta ndiye mjinga huyo.

Jambo hili nililishuhudia likifanyika bila kompyuta hata moja. Rafiki yangu anafundisha Kiswahili darasa la tano katika shule moja ya serikali, na alinikaribisha nikae nyuma nitazame. Alikuwa na mifuko mitatu ya rambo yenye vikaratasi: mmoja wa nomino, mmoja wa mizizi ya vivumishi, mmoja wa mizizi ya vitenzi. Mtoto mmoja alikuwa mashine. Mashine haina akili, mwalimu akasema, inafuata tu kilichoandikwa ubaoni. Wengine walikuwa watunga kanuni. Kanuni ya kwanza waliyoiandika ilikuwa rahisi: neno likianza na ki-, weka ki- kwenye kivumishi na ki- kwenye kitenzi. Ikatoka: kisu kizito kimepotea. Makofi. Kisha mashine ikatoa kikaratasi kingine na kusoma kwa sauti kavu: kijana kirefu kimepotea.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakufuta wala hakuweka alama ya kosa. Akauliza tu: kanuni yetu ina tatizo gani? Mvulana mmoja akasema tuongeze sharti: kabla ya kutazama ki-, tuulize kwanza kama kitu hicho kina uhai. Kikiwa na uhai, weka m- na a-. Ikaandikwa. Kijana mrefu amepotea. Ng'ombe mchafu amelala. Safi kabisa. Halafu ikaja: mti mrefu ameanguka. Binti mmoja akanyoosha mkono, nusu analalamika: "Mwalimu, lakini mti nao una uhai, tulisoma kwenye Sayansi!"

Hapo somo la Kiswahili na somo la Sayansi vilikuwa vimegongana mlangoni, na hakuna aliyevipangia. Wakabishana. Mmoja akapendekeza waseme kinachotembea, mwingine akauliza na gari je? Mwishowe wakakubaliana: mtu au mnyama. Sarufi ya Kiswahili, wakagundua wenyewe, haijali uhai kama Sayansi inavyoujali. Kabla kengele haijalia, mwalimu akawaachia mtego wa kwenda nao nyumbani: mbona tunasema rafiki mzuri amekuja, lakini tunasema rafiki yangu, na siyo rafiki wangu?

Nilichokiona siku ile ndicho kinachoitwa kufikiri kikompyuta, na kinaweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida kabisa. Unaligawa tatizo kubwa vipande vidogo. Unatafuta kinachojirudia. Unaacha yasiyohusika, kwa mfano kama kisu ni cha jikoni au cha buchani, unabaki na yanayohusika. Unaandika hatua kwa mpangilio ambao mwingine anaweza kuufuata bila wewe kuwepo. Kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, unaijaribu, inakosea, unatafuta ilipokosea, unairekebisha. Papert alilipenda sana hilo la mwisho. Shule, alisema, imemzoesha mtoto kwamba jibu ama ni sahihi ama ni kosa, basi. Kwa anayetunga programu, swali ni tofauti: kinachofanya isifanye kazi ni nini, na kinarekebishika vipi? Mtoto aliyezoea kalamu nyekundu akipata swali hilo, anaweza kusogea karibu na kosa lake bila kuona aibu.

Sasa turudi kwa kobe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Bristol, Uingereza, mwanasayansi William Grey Walter alitengeneza mashine ndogo zilizotembea zenyewe kuufuata mwanga, akaziita kobe. Jina hilo ndilo lililochukuliwa na kundi la Logo walipotengeneza roboti ya kutembea sakafuni, yenye kalamu ya kuchora. Mwaka 1971 Papert na Solomon waliandika waraka wa kueleza mambo 20 ya kufanya na kompyuta, wakati ambapo watu wengi hawakuweza kuwaza hata mambo mawili. Mtoto alimwamuru kobe: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Umepata mraba. Akikwama, aliambiwa ainuke acheze kobe: atembee mwenyewe sakafuni na kusema mwili wake unafanya nini. Jiometri ikaanzia miguuni. Baadaye kobe akahamia kwenye skrini, na akawa nembo ya jambo zima.

Miaka ya 1980 kompyuta ndogo zikaingia madukani na Logo ikaingia shule nyingi za Marekani na Ulaya. Ungedhani huo ndio ushindi. Kumbe hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Shule ilichukua kompyuta ikaitia kwenye chumba chake, ikaipa kipindi chake, mtaala wake na mwalimu wake maalumu. Kilichotarajiwa kuvuka mipaka ya masomo kikawa somo. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, walichapisha matokeo yaliyowakata watu maini: watoto waliotumia mwaka mzima kwenye Logo hawakuonyesha kuwa wapangaji bora wa mambo kuliko wale ambao hawakuigusa. Papert aliyapinga. Alisema huwezi kuipima Logo kama dawa, ukamnywesha mtoto kijiko kimoja halafu ukapima homa, kwa sababu matokeo yanategemea utamaduni mzima wa darasa. Mimi naona wote wawili walitufundisha jambo lilelile. Fikra hazihami zenyewe kutoka kwenye mashine kwenda kwenye insha au kwenye shamba la shule. Lazima awepo mtu wa kuzivusha, na mtu huyo ni mwalimu wa darasa, yuleyule anayefundisha kila kitu kutwa nzima.

Mjadala ukalala kwa muda. Mwaka 2006 Jeannette Wing, profesa wa sayansi ya kompyuta Marekani, aliandika makala fupi ya kurasa tatu akidai kwamba kufikiri kikompyuta ni stadi ya kila mtu, ya kuwekwa pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Msemo wenyewe Papert alikwishautumia mwaka 1980, ila makala ya Wing ndiyo iliyowasha moto. England ikaingiza somo la kompyuta kuanzia watoto wa miaka mitano mwaka 2014. Na huko New Zealand, Tim Bell na wenzake Ian Witten na Mike Fellows walikuwa wamekwisha kuonyesha, tangu miaka ya 1990, kwamba mengi ya haya yanafundishika bila umeme: kwa kadi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, mtoto hujifunza namna kompyuta inavyoandika namba, kwa chaki uwanjani, watoto wenyewe hujipanga kutoka mfupi hadi mrefu kwa kulinganishwa wawiliwawili.

Je, kwetu? Historia yetu na mashine hizi ina vituko vyake. Mwaka uleule wa 1967 ambao Logo ilizaliwa, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akiyapima mambo mwenyewe. Miaka saba baadaye, 1974, Tanzania ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu. Kenya kwa upande wake ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya milioni moja kwa jumla, na mwaka 2022 ikaidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Vingi vya vishikwambi hivyo, kama magazeti ya huko yalivyoeleza, viliishia kufungiwa kabatini. Nchi moja ilikataa mashine, nyingine ikaikumbatia, na katika zote mbili swali la mwalimu afanye nini saa mbili asubuhi lilibaki palepale.

Hata hivyo, tukitafuta andiko la Kiswahili linalomfundisha mtu kufikiri kwa kanuni, tunalo tangu 1954. Ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, la Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Shairi la kimapokeo analolishughulikia linajulikana kwa kila aliyesoma shule: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kila upande, vina vya kati na vya mwisho vikilingana. Mpe mtoto masharti hayo na ubeti mmoja, mwambie aandike hatua za kuukagua. Atasema: hesabu irabu, kila irabu ni mizani moja. Vizuri. Sasa mpe neno mti. Irabu moja, lakini mizani ni mbili, m na ti. Mpe nchi. Vilevile. Mpe mbuzi: hapa m haihesabiki peke yake. Halafu mpe neno mbaya. Katika mtu mbaya mizani ya neno hilo ni tatu. Katika nyumba mbaya ni mbili. Herufi zilezile! Ili kanuni yake isimame, mtoto atalazimika kutazama ngeli ya neno lililotangulia. Sijui zoezi la kompyuta lililo zuri kuliko hilo, na linahitaji ubao na chaki.

Lakini washairi wetu walikwishatuonya pia juu ya mpaka wa mambo haya. Mwaka 1974, uleule wa marufuku ya kompyuta, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyokataa kufungwa na vina na mizani, na ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko ukapamba moto. Ukiuondolea ugomvi ule matusi yake, kiini chake ni swali ambalo kila mwalimu anapaswa kuwafikisha watoto hapo: je, ubeti uliotimiza masharti yote ni shairi? Mashine ya kukagua mizani itasema ndiyo. Msomaji anaweza kusema hapana, huu ni ubeti uliokufa. Mtoto anayetunga kanuni, akaiona inafanya kazi, kisha akajua ni jambo gani kanuni ile haiwezi kulipima, huyo amefika mbali kuliko aliyeambiwa kwamba kompyuta inajua kila kitu.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jinsi jambo hili linavyofundishwa kwenye baadhi ya semina. Mwalimu anapewa mfano wa kupika chai kwa hatua, anaambiwa hiyo ni algorithimu, anawafundisha watoto neno algorithimu, wanalikariri, linakuja kwenye mtihani. Basi, limekuwa somo jingine la kukariri, kama ilivyotokea kwenye vyumba vya kompyuta vya miaka ya 1980. Mimi kipimo changu ni kimoja: je, mtoto ametunga kanuni yake, ameijaribu, imemgomea, akairekebisha? Kama ndiyo, hata kama neno kompyuta halikutajwa, kazi imefanyika. Kwenye Sayansi, atunge maswali ya ndiyo na hapana ya kumtambua mnyama yeyote kati ya kumi, kisha mwenzake ampe popo aone kama maswali yanasimama. Kwenye Maarifa ya Jamii, aandike maelekezo ya kutoka getini hadi kisimani, na mgeni ayafuate kama yalivyo. Akipotea, kosa ni la maelekezo, na yarudi kuandikwa upya.

Papert alikuwa na hofu moja aliyoirudia: kwamba shuleni kompyuta itatumika kumpangia mtoto, badala ya mtoto kuipangia kompyuta. Hofu hiyo imekua. Watoto wa darasa la tano wa leo wataishi na mashine zinazoamua nani apewe mkopo kwa simu, nani aonyeshwe habari ipi, na zinazoandika hata Kiswahili. Mashine hizo nazo zinaendeshwa na kanuni na hesabu zilizoanzishwa na watu, kutokana na data iliyokusanywa na watu. Aliyewahi kuiona kanuni yake mwenyewe ikisema kijana kirefu kimepotea, akacheka, akaitengeneza, hatazisujudia. Atauliza nani kaziandika, na zimekosea wapi.

Swali hilo halihitaji chumba cha kompyuta ili lifundishwe. Linahitaji mifuko mitatu ya vikaratasi na mwalimu wa Kiswahili ambaye ameruhusiwa kutokuwa na haraka.